Kandambili ya Pili

Kwa Hadija,

Salamu sikuandikii. Tumeamkiana asubuhi, tumegombana saa sita, na sasa hivi umetoka kwenda kuaga watu, ukasema utarudi baada ya nusu saa, ukaniachia hawa wawili. Nusu saa yako naijua. Ukifika kwa mama Josefu utakaribishwa chai, na chai ya mama Josefu haina mwisho. Hali yangu pia huna haja ya kuiuliza. Mgongo unauma na nimechoka mpaka kwenye kucha. Basi nimetoa daftari langu la kisomo kwenye sanduku, nimechana karatasi za katikati, na nimekaa mlangoni mahali ninapowaona wote wawili.

Utashangaa nakuandikia wakati tunalala chini ya paa moja. Nakuandikia kwa sababu tangu uje kujifungua hapa, humu ndani hakuna sentensi iliyofika mwisho. Nikianza kusema Hadija nataka nikwambie kitu, Shabani analia. Nikianza tena, Zaina ameangusha sufuria. Nikianza mara ya tatu, wewe umeshakasirika, mimi nimeshakasirika, na tunabaki kuzungumza habari za sufuria. Siku arobaini zimekwisha hivyo. Kesho unarudi kwa mumeo kule Segera, na lile ninalotaka kukwambia bado liko kooni.

Hii ni barua yangu ya kwanza, kwa hiyo usiicheke. Mimi mlango wa shule sikuuona. Baba yangu alikuja huku kukata mkonge akitokea kusini, na watoto wa kike wa wakata mkonge kazi yao ilikuwa kuchota maji. Kuandika nilijifunza ukubwani, kwenye kisomo cha jioni, baada ya kuanika singa za mkonge kutwa nzima, vidole vimechanika hata kalamu inateleza. Nilichokitaka wakati ule kilikuwa kuandika jina langu ili karani asiniwekee dole gumba kwenye wino. Sikujua kama ipo siku nitahitaji maneno mengi kiasi hiki.

Huo mstari mrefu uliokatiza hapo juu si wangu. Ni wa Zaina. Amenipokonya kalamu wakati namfukuzia mdogo wake nzi.

Mambo ya kuogesha na kukanda na uji na kliniki sikuandikii. Unayajua, na usiyoyajua utaambiwa bila kuuliza na kila mwanamke atakayepita mbele ya genge lako. Nakuandikia kuhusu huyu mkubwa.

Mwanangu, mtoto huyu anachosha. Nalisema kwanza mimi bibi yake, usije ukadhani nakuandikia kama mtu asiyeona. Siku uliyorudi kutoka hospitali na Shabani kwenye khanga, Zaina alimtazama mdogo wake kwa muda mrefu, akauliza, "Anaondoka lini?" Tukacheka sote. Hatukujua kwamba lile lilikuwa swali, na alikuwa anangoja jibu. Alipoona siku zinapita na mgeni haondoki, akaanza kazi. Akampaka unga wa sembe kichwa kizima, ati anampika. Akakaa ndani ya beseni la maji ya mtoto na nguo zake zote, akagoma kutoka. Lile gauni la mitumba lenye maua ulilomnunulia ili asione wivu, alilivua akamvalisha kuku, na kuku akakimbia nalo mpaka kwenye mihogo ya watu. Mimi na miguu yangu hii nikamfukuza kuku aliyevaa gauni, na watu wa barabarani wamesimama wanaangalia.

Na yale maziwa ya kopo aliyoyaleta mumeo Rajabu. Siku hizi dukani kila kitu kipo. Ninyi mmesahau tulivyokuwa tukipanga foleni ya sabuni, ukipata mche unaukata kwa uzi ugawane na jirani. Sasa kopo linakaa juu ya kabati kama pambo. Zaina akapanda stuli, akala yale maziwa makavu kwa mkono, akatoka nje mdomo mweupe mpaka puani. Ulipomuuliza nani amekula, akasema ni Shabani. Shabani wa wiki tatu, ambaye hata shingo haijakaza.

La shubiri nalo lilinishinda. Ulipopata mimba ya huyu wa pili ulimwachisha ziwa, na ulifanya kama tulivyokufundisha, maana watu watasema umembemenda mtoto. Lakini alipoona mdogo wake ananyonya, akalikumbuka. Ukapaka shubiri upande mmoja umtishe. Akaonja, akakunja uso, akaifuta kwa pindo la gauni lake mpaka ikaisha, akarudi kunyonya. Nilikuwa nimekaa pale nakatakata mchicha. Nikasema moyoni huyu sasa si mtoto, ni mtu mzima aliyekuja kwa umbo dogo. Halafu nikakukumbuka wewe. Wewe nawe uliifuta hivyohivyo. Nami sikukupa nafasi ya kuifuta mara ya pili.

Ngoja, Shabani ameamka.

Amelala tena. Nimembembeleza kwa mguu huku naandika, ndiyo maana herufi zinaruka.

Leo saa sita Zaina alimfinya mdogo wake, ukamchapa. Sikulaumu. Hata mimi mkono wangu ulikuwa njiani, wewe ulinitangulia tu. Lakini ukamwambia, "Kesho nitapumzika na fujo zako," ukarudi kupanga nguo kwenye mkoba. Yeye hakulia. Akaenda mlangoni, akachukua kandambili yake moja, akaja akaitia kwenye mkoba wako. Ukaitoa. Akaileta tena. Ukaitoa ukaitupa nje. Akaifuata nje, akaileta. Mara ya tatu ukanigeukia mimi ukasema, "Mama, mshike huyu mtoto wako."

Nikakujibu vibaya. Nilikwambia humuwezi mmoja, unazaa wa pili wa nini. Lilikuwa neno chafu, na wala silo lililokuwa linaniuma. Lililoniuma ni hilo la kwako. Mtoto wako.

Wiki mbili zilizopita Rajabu alipokuja kumwona mwanawe, tulikaa watatu tukapanga. Zaina abaki kwangu hapa Magoma mpaka Shabani atembee, ili wewe uweze kukaa gengeni ukiwa na mtoto mmoja mgongoni, na yeye asahau ziwa. Nilikubali haraka, chai haijapoa. Mama Josefu naye akaongeza la kwake, kwamba uondoke na gari la kwanza mtoto akiwa amelala, asikuone, asikulilie. Akiamka, bibi atampa uji, na baada ya siku mbili tatu atakuwa amezoea. Ndivyo tunavyofanya sote huku. Mtoto anapelekwa kwa bibi, mama anajificha, na tunaita jambo hilo huruma.

Hadija, nalirudisha lile neno langu. Zaina asibaki. Kesho muondoke watatu.

Sasa usianze kununa. Nikiishia hapo utasema mama amechoka na mtoto, au mama amekasirika kwa ajili ya yale ya saa sita. Nimechoka, ndiyo, na hasira bado ninayo kidogo. Lakini sababu haiko hapo. Sababu ni jambo nililokufanyia wewe, ambalo hatujalizungumza hata siku moja, na najua unalikumbuka kwa namna ambayo mimi siijui.

Mdogo wako Athumani alipozaliwa wewe ulikuwa na miaka miwili na miezi, kama Zaina. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa kwenye korona, ule mtambo wa kusaga majani ya mkonge, anatoka nyumbani giza anarudi giza. Mimi nilikuwa na kibarua cha kuanika singa, na nilitaka kurudi kazini kabla nafasi yangu hawajampa mwingine. Athumani alikuwa mtoto wa kulia. Wewe ulikuwa mtoto wa kumwaga. Alichokiacha yeye wewe ulikimalizia. Siku moja, hili sijawahi kumwambia mtu, niliwafungia wote wawili ndani mkalia, mimi nikatoka nikakaa juu ya debe nyuma ya nyumba, nikatazama mlima. Sikuwa nafikiri kitu. Maharage yaliungua motoni, moshi ukatoka dirishani, na mimi nimekaa. Mama Josefu, wakati huo bado hajazaa huyo Josefu, ndiye aliyefungua mlango. Alinikuta palepale kwenye debe. Hakunisema. Alichukua sufuria akaikwangua.

Baada ya juma hilo akaja bibi yako kutoka Kwaluguru, mama mkwe wangu. Alikuja na kuku na mfuko wa mahindi mabichi. Alikaa siku mbili, akaangalia, kisha akaniambia, "Nipe huyu mkubwa. Wewe lea huyo mwekundu." Nikampa. Tulisema ni msimu mmoja tu wa mvua.

Siku ya kuondoka kwenu nilijificha jikoni. Baba yako alikubeba mpaka kwenye lori, akakwambia mama amekwenda kisimani, atakuja. Nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, nimeshika mwiko, nakusikia ukiuliza. Hukulia, Hadija. Uliuliza tu, mara nyingi, kwa sauti ileile, mpaka lori likaondoka. Watu wakanisifu kwamba nimefanya vizuri, mtoto hakulia.

Sasa nitaandika neno ambalo ni gumu kuliko yote, ngoja nikae vizuri.

Nilipumzika. Hilo ndilo neno. Nilidhani nitaumia, na siku ya kwanza niliumia, ya pili nikalala mchana, ya tatu nikaona nyumba ni kimya na mimi nina raha. Mvua zikaisha. Nikasema ngoja Athumani aote meno. Akaota. Nikasema ngoja atembee. Akatembea, akakimbia. Nilikuja Kwaluguru mara moja, ukanikalia mapajani, wakati wa kuondoka bibi yako akasema nisije mara kwa mara, nitamtonesha mtoto. Nikaliona neno zuri, maana lilinipa ruhusa. Msimu mmoja ukawa miaka minne. Hakuna aliyeninyima mtoto wangu. Nilizoea kutokuwa nawe, basi.

Na hata uliporudi sikukufuata kwa kukukumbuka. Shule ndiyo iliyokurudisha. Baba yako alisema lazima uandikishwe hapa, akakuleta. Ulishuka kwenye lori na kifurushi chako, umenyolewa vizuri, umepakwa mafuta, miguu misafi. Bibi yako alikulea vizuri, haki yake nampa. Ulinipigia goti ukasema, "Shikamoo, mama mgeni."

Nikacheka, na kila mtu akacheka. Nilisema litakwisha lenyewe.

Siku ya tano ukatoroka. Hili unaweza kuwa unalikumbuka na unaweza kuwa hulikumbuki, sijawahi kukuuliza. Nilikuwa nimekuchapa kwa sababu ya ugali. Ulikuwa huli ugali wangu, unasema haujaiva kama wa nyumbani. Nikakuchapa kwa sababu ya hilo neno nyumbani. Mchana ukachukua kifurushi chako ukashika barabara ya kwenda Korogwe. Miaka sita tu, unatembea kwenda Kwaluguru.

Aliyekurudisha ni mama mmoja wa Kimasai aliyekuwa akija kuuza maziwa. Nilimwona kwa mbali anakuja na kibuyu chake na wewe umemshika shuka. Nikatoka mbio nikasema asante mama, nipe mwanangu. Yule mama hakukuachia. Akaniangalia juu mpaka chini. Akasema, "Huyu mtoto anasema anakwenda kwa mama yake."

"Mama yake ni mimi."

Akainama, akakuuliza kwa upole, "Huyu ni nani wako?"

Ukanitazama. Hukuwa na chuki, Hadija, chuki ningeielewa. Ulinitazama kama mtu anayetafuta jibu la kweli, asiseme uongo. Ukasema, "Ni mama mgeni. Nakaa kwake."

Yule mama akakusogeza nyuma yake. Watu walikuwa wameshajaa, wa rika langu, wenzangu wa singa, na mimi nimesimama mbele ya mlango wangu naomba nipewe mtoto niliyemzaa na sipewi. Ilibidi mama Josefu aitwe aje aseme kwamba ni kweli, huyu ndiye aliyemzaa, mimi nilikuwepo. Ndipo yule mama akakuachia. Wakati anaondoka alinimiminia maziwa kwenye kikombe bila kudai kitu, akasema nikupe taratibu, umetembea sana. Nilitamani anitukane.

Ilichukua miaka. Ulianza kuniita mama ukiwa darasa la pili, na mara ya kwanza ulijikwaa, ulitaka kusema jambo kuhusu kaptula ya Athumani, neno likakutoka. Nikajifanya sikusikia lolote jipya. Nilikwenda jikoni, nyuma ya mlango uleule, nikakaa.

Bibi yako nilimlaumu mpaka anazikwa. Nilisema alikufundisha vibaya, alikuiba, alikuzoesha kumwita yeye mama ili mimi nipotee. Nilimsema kwa majirani, nilimsema kwa baba yako ambaye ni mwanawe. Mama wa watu alinyamaza. Nilidhani ananyamaza kwa sababu ana kosa.

Jumanne iliyopita nimeujua ukweli wake. Wewe ulikuwa umempeleka Shabani kliniki. Mimi na Zaina tulikuwa tunapukuchua mahindi. Alikuwa ametulia, jambo la ajabu, anahesabu punje kwa hesabu yake ya moja, tano, moja. Akainua kichwa akasema, "Mama, nipe maji."

Nikaitika. Nikasema, "Abee, mwanangu," nikampa maji.

Sikumwambia mimi ni bibi. Sikucheka. Nilisikia kitu kitamu kinapita hapa kifuani, mimi mwanamke mzee, mifupa mitupu, naitwa mama na mtu mdogo anayenihitaji. Jioni, ulipokuwa unaoga, aliniita tena, nikaitika tena. Jana nikamkatia muwa kwa sababu hiyohiyo. Unaona sasa? Bado hujaondoka, mkoba bado uko wazi, na mimi nimeshaanza kukuibia. Bibi yako hakukufundisha kitu. Mtoto alimwita naye akaitika, basi. Angefanyaje? Na mimi ndiye niliyemwachia nafasi.

Ndiyo maana leo uliposema mshike huyu mtoto wako nikarusha tusi. Nilidhani umenisikia Jumanne.

Sikwambii itakuwa rahisi. Nitakuwa mwongo. Utakaa gengeni Segera, basi limesimama, abiria wanapunga mikono madirishani, mwenzako wa genge la pili anakupita mbio na beseni la machungwa, na wewe mmoja anakunyea mgongoni, mwingine amekaa juu ya mayai ya kuchemsha. Wateja watakukimbia. Utalia. Utatamani kumtupa mmoja na hutajua yupi. Siku hiyo ikifika, kaa juu ya debe, lakini mlango uache wazi. Na usikae peke yako. Mimi nilikaa peke yangu kwa sababu niliona aibu, nikadhani ni mimi tu niliyeshindwa. Kumbe mama Josefu aliniambia juzi, baada ya miaka yote hii, kwamba alikuja mbio siku ile kwa sababu aliyajua, mama yake alikuwa akikaa kwenye debe namna ileile.

Rajabu mwambie nimesema mimi, mama mkwe wake, kwa heshima zote. Tangu shamba la mkonge liuzwe na wao wapunguzwe anasema amebaki hana kazi, anasaidia tu gengeni. Basi kazi nimempatia. Ana mikono miwili iliyokata mkonge miaka saba bila kulia, haiwezi kushindwa na mtoto wa kilo kumi na mbili. Abebe. Wanaume wenzake wakimcheka stendi, waje Magoma wanicheke mimi. Nitawajibu.

Na mimi nikishapura maharage nitakuja mwenyewe. Nitapanda gari nitakuja kukaa kwenu mwezi mzima, nilale sakafuni, nimshike yeyote wa kushikwa. Hilo sikuliruhusu lifanyike kwako. Sikutaka hata kufikiri kwamba bibi yako angeweza kuja kukaa kwangu badala ya wewe kwenda kukaa kwake. Alinieleza mara moja kwamba yuko tayari kubaki, nami nikaona haya kuishi na mama mkwe ndani ya chumba kimoja cha kambi. Nilikutoa wewe ili nisione haya. Sasa mimi ndiye mama mkwe, na chumba chenu ni kimoja. Mtaniona haya mkishapumzika.

Zaina amekuja sasa hivi akaniuliza naandika nini. Nimemwambia barua. Akauliza ya nani. Nimemwambia ya mama. Akanionyesha mimi kwa kidole, akasema, "Mama."

Nimemshika mabega. Nimemwambia, mimi ni bibi. Mama amekwenda kuaga, anarudi sasa hivi, na kesho unapanda gari pamoja naye. Amenitazama kwa jicho lako lile la siku ya mama wa Kimasai, la mtu anayetaka kujua kama unasema uongo. Kisha akasema, "Bibi mbaya," akaenda kumwaga maji ya kuku. Sawa. Mbaya ni bora.

Kesho usimwondoe amelala. Muamshe, muoshe uso, atembee kwa miguu yake mpaka kwenye gari, hata kama dereva anapiga honi. Atalia, maana sasa amenizoea mimi. Mwache alie. Safari hii sitakaa nyuma ya mlango wa jikoni. Nitasimama barabarani mahali anaponiona, nimwage machozi yangu mbele ya watu, na nitasimama hapo mpaka gari likunje kona. Ajue nani amebaki na nani amekwenda naye.

Nakusikia unakuja, unacheka na mama Josefu kwenye njia ya mihogo. Shabani naye amekusikia, ameanza. Naikunja karatasi hii, naiweka juu kabisa kwenye mkoba wako, chini ya zipu, mahali ambapo mkono wako utafika kwanza. Usinijibu kwa mdomo, tutagombana.

Ukifungua utakuta kandambili mbili. Ya kwanza ameitia Zaina mwenyewe, alipoona umetoka. Ya pili ilikuwa chini ya kitanda. Nimeiinamia na mgongo wangu huu, nimeipangusa vumbi, na nimeitia mimi.

Mama yako